Kazi ya Finland inaanza Januari, na mimi sijawahi kuona theluji

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mtwara mjini na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Nina cheti cha VETA, nimefanya mageti na madirisha, na kwa vipindi nimepata mikataba ya mabomba na matangi. Kazi naijua na naipenda, tatizo ni kwamba haina mwendelezo. Mwezi huu unakula vizuri, miezi miwili inayofuata unazungusha madeni dukani.

Sasa nimepata kazi katika mji wa Oulu, kaskazini mwa Finland, kwenye kampuni inayosimamisha fremu za chuma za majengo. Mkataba ni wa mwaka mmoja na unaanza tarehe 12 Januari. Sehemu kubwa ya kazi ni ya nje, juu ya jukwaa. Mshahara nikiupiga kwa shilingi siamini macho yangu. Wakala anataka milioni nne na nusu, anasema humo kuna ada ya kunitafutia kazi, kibali na tiketi. Mimi sina. Mjomba amekubali kuweka rehani mikorosho yake ya Nanyamba kwa misimu miwili ili nipate hizo fedha, na kwetu, kama unavyojua, mjomba akishasema jambo limekwisha.

Anayepinga ni mama. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu, na kila mwaka kusi ikivuma kwa baridi, Juni na Julai, tunalala naye hospitali kwa maumivu ya mifupa. Mama anasema, "Kama baridi ya Mtwara inamfanya hivi mwenzako, wewe wa damu moja naye unaipeleka wapi?" Mimi sijawahi kuumwa hivyo, ila pia sijawahi kupima.

Nimeulizia watu. Rafiki yangu aliye Uarabuni anasema baridi ni kama joto, wiki mbili tu mwili unazoea. Mtu mwingine aliyewahi kukaa Ulaya kaniambia nichukue jinzi nzito, nivae soksi tatu tatu, na chumbani kukizidi baridi niwashe mkaa kidogo kwenye kopo. Wakala ukimuuliza habari za nguo anajibu, "Utazikuta hukohuko." Kwenye mkataba limeandikwa neno "nguo za kazi" basi.

Nimefikiria njia tatu. Niende Januari kama ilivyo. Au niombe nianze Aprili, baridi ikiwa imeisha. Au niache kabisa nibaki na mageti yangu. Mke wangu ananiachia niamue, lakini namwona hana usingizi. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Kuna jambo dogo jingine, sijui kama linahusika. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, asubuhi nikinawa maji ya baridi, hupauka na kufa ganzi kama dakika kumi, halafu vinarudi. Nadhani ni uchovu wa grinda, maana nimeishika miaka tisa.

Naomba uniambie, mtu wa pwani anaweza kufanya kazi kwenye barafu akabaki salama?

Fundi, Mtwara


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Anaweza. Watu waliozaliwa kwenye joto wanafanya kazi hizo kila msimu wa baridi na wanarudi nyumbani na vidole vyao vyote. Lakini barua yako imefunga maswali matatu kwenye furushi moja. Mwili wako una hali gani mbele ya baridi? Kazi yenyewe imepangwa namna ya kukulinda? Na hilo deni la mikorosho litakuacha na uhuru gani ukiwa kule? Mama ameshika la kwanza. Wakala analikwepa la pili. La tatu sijaona aliyeligusa, na mimi ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Niruhusu nianze na ulichokiita jambo dogo. Kidole kinachopauka na kufa ganzi kwa maji ya baridi, kwa mtu wa miaka tisa ya grinda, hakipaswi kupita hivihivi. Mtetemo wa mashine huharibu polepole mishipa midogo ya damu na ya fahamu iliyomo vidoleni. Ikishaharibika, baridi kidogo tu inatosha kuifanya ijifunge, damu inakatika, na kidole kinakuwa cha kijivu kama kimepakwa majivu. Ikiwa vidole vyako vinafunga kwa maji ya bomba la Mtwara, ambayo hata Julai hayakaribii ubaridi wa barafu, fikiria vitafanyaje juu ya chuma kilicholala nje usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Sisemi una ugonjwa huo, daktari ndiye wa kusema. Ila nenda hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya kusaini chochote, na hivyo vidole vipige picha kwa simu vikiwa vimepauka, kwa sababu ukifika kwa daktari vitakuwa vimesharudi. Mweleze ni vidole vipi, vinakaa dakika ngapi, miaka mingapi ya grinda, na kama unavuta sigara, maana sigara hubana mishipa ileile.

Siku hiyohiyo omba kipimo cha damu cha kutambua aina za himoglobini, ile protini nyekundu ya damu ambayo selimundu huiathiri. Nenda na kadi ya kliniki ya mdogo wako. Hofu ya mama ina msingi, kwa sababu baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Ila "damu moja" haimaanishi hali moja. Mdogo wako kuwa na ugonjwa kunaonyesha kwamba kila mzazi alimpa kinasaba kimoja cha ugonjwa huo. Wewe unaweza kuwa hukurithi hata kimoja, au umerithi kimoja tu ukawa mbebaji, na mbebaji kwa kawaida anaishi na kufanya kazi kama wengine, ilimradi asikaukiwe maji mwilini na asijichoshe kupita kiasi. Kuna pia watu wachache wenye ugonjwa mwepesi wanaofika utu uzima bila kujijua. Kipimo kitamaliza mjadala wako na mama, upande wowote kitakaoangukia.

Rafiki yako wa Uarabuni anasema kweli kuhusu joto. Ndani ya wiki moja au mbili mwili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Kwa baridi mwili hauna ujanja mkubwa wa namna hiyo. Mtu wa kaskazini hulindwa zaidi na nguo zake, mapumziko yake na mazoea ya kazi. Tena uchunguzi uliofanywa kwenye majeshi ya Uingereza na Marekani umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi mikononi na miguuni zaidi ya wenzao weupe. Kwa hiyo usijipime na Mfini aliye pembeni yako. Yeye akivua glovu dakika mbili kukaza bolti, wewe usimfuate.

Ujue unachokwenda kukutana nacho. Januari ya Oulu kwa wastani inazunguka nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku kali inaweza kufika 30 chini. Mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa nne, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni chini ya taa. Halafu kuna upepo, na juu ya jukwaa hakuna cha kuuzuia. Nyuzi 20 chini ya sifuri zikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 33 chini. Katika hali hiyo shavu au sikio lisilofunikwa linaweza kuanza kuganda ndani ya dakika kumi hadi thelathini.

Jinzi ziache Mtwara. Ni pamba, na pamba hunywa jasho ikalishika, ukisimama kidogo unakuwa umevaa maji baridi. Utasikia watu wakishauri nguo za ndani za poliesta kwa sababu zinakauka haraka. Kwa fundi wa kuchomelea ushauri huo ni hatari, maana cheche ikipenya, poliesta huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Wewe unahitaji sufu, au nguo zilizotengenezwa zisishike moto, tangu ile inayogusa ngozi. Juu yake sufu nzito zaidi, kisha koti na suruali vinavyozuia upepo na visivyoshika moto. Chini ya kofia ya kuchomelea vaa kofia ya sufu inayofunika masikio na shingo. Anza kazi ukisikia ubaridi kidogo, na ukipata moto fungua zipu au punguza nguo moja kabla jasho halijatoka. Jasho ni baya kwako mara mbili: likipoa linakunyang'anya joto, na glovu zilizolowa zinapitisha umeme wa mashine kwa urahisi. Kwa hiyo glovu jozi mbili au tatu kwa siku, moja mkononi na nyingine zinakauka penye joto. Chuma usikishike kwa mkono mtupu hata mara moja, na petroli isikumwagikie mkononi. Hata chini ya sifuri haigandi, inabaki maji yenye ubaridi uleule wa nje, na ikiyeyuka kwa hewa inazidi kuivuta joto ngozi. Pete ya ndoa ivue kabla ya kazi.

Soksi tatu zitakuumiza. Zikibanana ndani ya buti, damu haipiti na vidole vinapoa haraka kuliko kwenye soksi moja. Vaa soksi moja nene ya sufu, au nyembamba chini na nene juu, ndani ya buti iliyozidi saizi yako kwa nusu au moja, na uweze kuchezesha vidole vyote humo. Ncha ya buti ikiwa ya chuma inapitisha baridi, kwa hiyo ulizia zenye ncha ngumu isiyo ya chuma. Ukisimama sehemu moja ukichomelea, weka kipande cha plaiwudi chini ya miguu. Kitu rahisi hivyo kinazuia joto lisinyonywe na sakafu ya barafu. Soksi badilisha mchana.

Kuanguka nako si jambo la kupuuza. Barafu mbaya ni ile nyembamba inayoonekana kama lami iliyolowa tu. Tembea kwa hatua fupi, unyayo mzima ukishuka kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Kuna miiba ya chuma inayovaliwa chini ya buti, nayo inasaidia sana kwenye njia, lakini ivue unapopanda ngazi ya chuma au kuingia kwenye sakafu laini, maana hapo inateleza yenyewe. Jukwaa halipandwi mpaka likwanguliwe na kumwagiwa mchanga. Chumvi, ambayo sisi watu wa Lindi na Mtwara tunaijua tangu mashambani mwake, huyeyusha barafu vizuri karibu na sifuri, lakini baridi ikishapita nyuzi 10 chini haifanyi kazi ya maana. Ukiona pamemwagwa chumvi kwenye nyuzi 20 chini, usipaamini.

Sasa dalili. Kidole kinachouma kwa baridi bado kina uhai, cha kuogopa ni kile kilichokuwa kinauma kikaacha. Kwenye ngozi yetu usisubiri uone weupe. Tafuta rangi ya kijivu, ngozi ngumu kama nta, na kutokusikia. Ingia ndani, vua vilivyolowa, weka vidole kwapani. Kama nyama imeganda kabisa, inarudishwa kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, kama nusu saa, pale tu mnapokuwa na uhakika haitaganda tena. Usisugue, wala usikaribie moto, kwa sababu kidole kisichosikia kitaungua bila wewe kujua. Na mwili mzima ukianza kupoa, akili ndiyo huenda mapema: mtu anadondosha vifaa, anajikwaa, maneno yanakuwa mazito. Mwenyewe haoni. Ndiyo maana kila mtu anakuwa na mwenzake wa kumtazama usoni mara kwa mara, na anayetetemeka akiacha ghafla kutetemeka bila kupashwa joto, hiyo ni dharura ya kuita gari la wagonjwa. Kunywa vitu vya moto hata bila kiu, kwa kuwa baridi huficha kiu. Pombe haipashi mtu joto, inalileta joto kwenye ngozi likapotelea nje.

Na lile kopo la mkaa, mdogo wangu, nakusihi kwa dhati lifute kichwani. Mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima hulala isiamke. Nyumba za Finland zimezibwa kuliko zetu. Hatari hiyohiyo ipo kazini, ndani ya mahema wanayosimamisha ili kuchomelea penye joto, kama wanatumia hita ya gesi au dizeli bila kutoa moshi nje. Hayo mahema yana sababu ya kiufundi: chuma baridi hushika unyevu, unyevu unaingia kwenye kiungo kilichochomelewa na kukipasua. Kanuni inayotumika sana Marekani kwa majengo ya chuma hairuhusu kuchomelea pale joto la mahali pa kazi linapokuwa chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiuliza kampuni yako inafanyaje siku kama hizo, jibu litakuonyesha kama ni watu makini.

Kuhusu Aprili, nahisi umeipa sifa zisizo zake. Kule Aprili bado kuna theluji, na mchana inayeyuka, usiku inaganda upya. Barafu yenye maji juu, karibu na sifuri, inateleza kuliko ile kavu ya Januari, na miguu inayolowa siku nzima huharibika mishipa hata bila kuganda. Ukitaka kuomba tarehe nyingine, Mei ingekupa zaidi: ungejifunza jukwaa, lugha ya kazi na watu wake penye mwanga, na baridi ingekuja taratibu kuanzia Oktoba. Hatari yake unaijua, wanaweza kumpa mwingine nafasi. Kwenda Januari kunakulinda na hilo, ila kunakutupa kwenye kazi mpya, giza na baridi kali, vyote ndani ya wiki moja. Kubaki kunakuachia madeni ya dukani, na vidole vyako vinahitaji kuangaliwa hata ukibaki.

Narudi kwenye deni. Kila nilichoandika hapo juu kinategemea wewe kuweza kumwambia msimamizi, "Vidole havisikii, naingia ndani." Sheria ya Finland ya usalama kazini ya mwaka 2002 inakupa haki ya kukataa kazi yenye hatari kubwa kwa uhai au afya yako, na vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, bila kukukata mshahara. Lakini mtu aliyeacha mikorosho ya mjomba kwenye rehani anaweza kushindwa kulitamka hilo neno. Kwa hiyo ongea na mjomba kwa heshima yake, umwulize: nikirudi mwezi wa tatu kwa sababu ya mikono, itakuwaje? Ukilipata jibu lake mapema, utajua unakwenda ukiwa huru kiasi gani.

Na ile ada. Finland, kumtoza mtafuta kazi fedha za kumtafutia kazi ni kosa la jinai. Tiketi na ada ya kibali cha ukaazi ni habari nyingine. Mwombe wakala akuandikie mchanganuo wa milioni nne na nusu, kitu kwa kitu, kisha uulize ofisi ya kazi ya serikali kama ana leseni. Ubalozi wa Finland uko Dar es Salaam, utakuelekeza namna ya kuhakiki kwamba kampuni ipo. Huenda ukakuta kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko mikorosho yote hiyo.

Kabla ya mwisho wa mwezi iandikie kampuni yenyewe, bila kupitia kwa wakala. Waulize watakupa nguo gani za msimu wa baridi kwa fundi wa kuchomelea, na buti saizi gani. Chumba cha kupashia joto kiko umbali gani kutoka jukwaani na mnapumzika kila baada ya muda gani. Kazi inasimama kwenye nyuzi ngapi na upepo gani. Nani anakufundisha wiki ya kwanza, kwa lugha gani. Na kama Mei inawezekana. Mpe mke wako asome majibu yao pamoja nawe, na mama msomee. Majibu ya daktari yakitoka, niandikie tena na uniambie amesemaje kuhusu vidole, tuangalie ratiba ya grinda na glovu kwa hali hiyo.

Mshauri